Nipe Mji: Somo Kutoka Kisiwa cha Mafumbo

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu nimepewa ukurasa wa fasihi. Badala ya kuwarudishia yale maelezo ya taharuki tuliyonakili ubaoni tangu kidato cha kwanza, naomba tujifunze kwa kitu ambacho wengi wetu tumekitazama nyumbani: tamthilia ya televisheni ya Kimarekani iitwayo Lost, ile ya ndege iliyoanguka kisiwani. Ni ya zamani kidogo. Ilianza kuonyeshwa tarehe 22 Septemba 2004, wengi wetu tukiwa hatujazaliwa, lakini hata leo ukiitaja darasani wakati wa mapumziko, ubishi hauishi mpaka kengele ilie. Nakuonya mapema, mpenzi msomaji: kama hujaimaliza, fungua kwanza ukurasa wa mashairi, maana hapa nitafichua mwisho.

1. Hadithi kwa ufupi

Ndege ya kubuniwa, Oceanic 815, inatoka Sydney kule Australia ikielekea Los Angeles. Inakatika vipande angani na kuanguka kwenye kisiwa kisichojulikana. Tamthilia hii ilibuniwa na Jeffrey Lieber, J. J. Abrams na Damon Lindelof, na picha zikapigwa Oahu katika visiwa vya Hawaii. Lindelof na mwenzake Carlton Cuse ndio walioiongoza hadi mwisho wake, tarehe 23 Mei 2010, baada ya misimu sita.

Sasa, kama ingekuwa ni hadithi ya watu kuchuma madafu na kungoja meli, ingeisha kwa wiki mbili. Lakini usiku wa kwanza tu, miti inatikisika na kitu kisichoonekana kinanguruma msituni. Kesho yake rubani ananyakuliwa na kuuawa. Dubu mweupe wa nchi za barafu anatokea katika msitu wa joto. Redio inanasa ujumbe wa mama Mfaransa ambao umejirudia kwa miaka 16. John Locke, mtu aliyepanda ndege akiwa kwenye kiti cha magurudumu, anasimama na kutembea. Na kuna zile nambari: 4, 8, 15, 16, 23, 42. Hurley alizitumia akashinda bahati nasibu, kisha mikosi ikamwandama. Baadaye nambari zizo hizo zinaonekana zimechorwa kwenye mfuniko wa chuma katikati ya msitu.

Hapo ndipo watazamaji walianza kuumiza vichwa. Ni nguvu gani iliyojificha kisiwani? Kila mtu akawa na nadharia yake, na kila mwenye nadharia akaapa kwamba ndiyo yenyewe.

2. Kanuni ya kitendawili

Kabla ya kuzipima nadharia hizo, turudi nyumbani kwa bibi. Anasema, "Kitendawili!" Mnajibu, "Tega!" Anatega: "Nyumba yangu haina mlango." Mnajaribu, mnashindwa. Anadai, "Nipe mji." Mnampa Mombasa, au Kisumu, akashiba sifa, kisha anafumbua: yai.

Tazama vizuri mambo yaliyomo katika mchezo huo. Kwanza, jibu lazima lienee maneno yote ya kitendawili. Yai ni nyumba, na halina mlango. Bibi angesema jibu ni meza, hata mtoto wa chekechea angekataa. Pili, jibu latoka ndani ya kitendawili chenyewe wala si kwa jirani. Tatu, na hili ndilo watu husahau, aliyepewa mji lazima alipe. Huwezi kuchukua Mombasa yangu kisha ukaenda kulala bila kunipa jibu. Wahenga walisema ahadi ni deni. Mimi naongeza: fumbo nalo ni deni.

Tukiwa na kanuni hizo tatu, sasa tunaweza kuzipima dhana za watazamaji bila kupigana.

3. Tupime dhana tatu

Dhana ya kwanza: wote walikufa ajalini, na kisiwa ni toharani. Hii ndiyo maarufu kuliko zote, na ina mvuto wake. Locke kupona, watu wenye dhambi za zamani kukutana mahali pamoja, Jack kumwona marehemu babake akitembea msituni. Yote yanaelekea huko. Lakini je, inaenea maneno yote? Mtoto Aaron anazaliwa pale kisiwani. Watu sita wanaondoka na kurudi kwao, wanaishi, wengine wanarejea tena. Watunzi wenyewe walikanusha dhana hiyo tangu mapema. Na katika kipindi cha mwisho, babake Jack anamweleza mwanawe kwamba mambo ya kisiwani yalitokea kweli, na kwamba kila mmoja alikufa kwa wakati wake, wengine kabla yake na wengine muda mrefu baada yake. Kile kilichotokea baada ya kifo ni ule mkondo wa pili wa msimu wa sita tu, yaani mahali walipokutania kabla ya kuendelea mbele.

Mbona basi watu wengi bado wanashikilia kwamba walikufa wote siku ya kwanza? Sababu moja inachekesha. Siku ile ya mwisho, stesheni ya ABC iliweka picha za mabaki ya ndege ufuoni, bila mtu yeyote, wakati majina ya wahusika yakipita kwenye skrini. Watazamaji wakaruka: "Ahaa! Hakuna aliyepona!" Ikabidi stesheni ifafanue kwamba picha zile hazikuwa sehemu ya hadithi. Umeona? Hao walitafuta jibu kwa jirani. Walivunja kanuni ya pili.

Dhana ya pili: ule moshi mweusi unaoua watu ni kundi la roboti wadogo wadogo. Waliosema hivi hawakuwa wajinga. Moshi ule unapopita hutoa milio kama ya mitambo na minyororo, na yule Mfaransa, Rousseau, alisema ni mlinzi wa kisiwa. Lakini dhana hii inakwama. Roboti gani huyo anayechungulia maisha ya mtu na kujigeuza sura ya marehemu? Jibu lilitolewa katika kipindi cha tarehe 11 Mei 2010: moshi ni ndugu yake Jacob, mtu ambaye hata jina hatukupewa, aliyetupwa katika pango lenye nuru na kutoka akiwa hivyo.

Dhana ya tatu: kuna nguvu ya sumaku chini ya ardhi. Hii ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa sababu ilianza na kitu kidogo. Katika msimu wa kwanza, Sayid anagundua kwamba dira haionyeshi kaskazini sawasawa. Basi. Dira tu. Mtazamaji mvivu alipita. Mtazamaji makini aliiandika. Msimu wa pili, chini ya ule mfuniko wa chuma, tunamkuta Desmond, mtu anayebonyeza kitufe kila baada ya dakika 108 ili kupunguza nguvu za sumaku. Na ukizijumlisha zile nambari sita utapata 108, kokotoa mwenyewe. Mwisho wa msimu huo, Mei 2006, tunajua kwamba siku moja Desmond alichelewa kubonyeza, na siku hiyo ndiyo ndege ilianguka. Jibu lilienea: dira, chuma, kitufe, ajali. Hata dubu alipata jibu lake, maana aliletwa na watafiti wa shirika la Dharma katika hadithi, na vizimba vyake tukaviona msimu wa tatu.

4. Deni lililobaki

Je, watunzi walilipa miji yote waliyochukua? Mimi nasema hivi: walilipa mingi, si yote. Zile nambari tuliambiwa mwaka 2010 kwamba ni za watu ambao Jacob aliwachagua kuwa warithi wake: Locke 4, Reyes 8, Ford 15, Jarrah 16, Shephard 23, Kwon 42. Vizuri. Lakini mbona nambari hizo zimlete mikosi Hurley huko Marekani? Hapo jibu ni jembamba. Na ile nuru ya pangoni, asili ya kila kitu, ilielezwa kwa kutuonyesha fumbo jingine. Ni kama bibi kukuambia jibu la kitendawili ni kitendawili.

Kuna pia mtoto Walt, aliyeonyeshwa kuwa na kipaji cha ajabu kisha akaondolewa. Misimu mitatu ya kwanza ilisimulia takriban siku 90 tu, lakini mwigizaji wake alikuwa kijana anayekua. Miaka ikapita, akarefuka. Hadithi ikamwacha. Mwaka huohuo wa 2010 watunzi walitoa filamu fupi ya ziada iliyomrudia, kama mtu anayelipa deni kidogo kidogo baada ya kukumbushwa.

Lakini tuwape haki yao. Mei 2007 ilitangazwa kwamba tamthilia itafika mwisho mwaka 2010. Tangu hapo watunzi walijua wamebakiwa na vipindi vingapi, na hadithi ikapata mwendo. Hilo ni somo kubwa kwa sisi waandishi wa insha: usitie jini sura ya kwanza kama hujui atatoka wapi sura ya mwisho. Mtahini hatakupa alama kwa sababu ulimwogopesha. Atakupa kwa sababu ulimlipa.

5. Faida kwetu nje ya televisheni

Pengine utaniuliza, mambo ya kisiwa cha kubuni yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Katika tamthilia, ukikosea dhana hakuna anayeumia. Katika maisha kuna anayeumia. Mwenzetu akizirai gwaride la asubuhi, kabla mwalimu wa zamu hajafika na maji, tayari nadharia zimezagaa: majini, wivu, mtu fulani kamtazama vibaya. Sisi wa shule ya kutwa tunajua kuna wanaotembea mbali na kuja bila kunywa chai. Dira ile ndogo iko mbele ya macho yetu, nasi tunaipita tukikimbilia moshi mweusi. Mbaya zaidi, moshi huo hupewa jina la mtu. Akishatajwa, hata akija mzima kesho, watu wanamkalia mbali. Huyo nani atamlipa mji wake?

Sisemi tusiulize juu ya mambo yaliyofichika. Kuulizana ndiyo raha yenyewe, ndiyo iliyofanya watazamaji wa Lost kurudiarudia kipindi kimoja mara tano wakitafuta neno moja. Nasema tu dhana ipimwe kabla haijatoka mdomoni kama habari. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Lakini mwerevu huligangua kwa kuangalia, si kwa kupayuka.

Na ukiingia kwenye mtihani wa fasihi, ukakuta neno "thibitisha", kumbuka bibi. Toa hoja, kisha onyesha mahali katika kitabu inapotoka. Usiandike ulichosikia kwa aliyesoma mwaka jana.

Maswali ya kujipima

(a) Eleza tofauti kati ya taharuki na ufichaji usio na sababu. Toa mfano mmojammoja kutoka hadithi yoyote uliyosoma.
(b) "Fumbo ni deni." Jadili kauli hii ukirejelea kitabu kimoja cha fasihi.
(c) Andika aya moja yenye jambo la ajabu, kisha aya ya pili inayotoa jibu. Mpe mwenzako aya ya kwanza pekee. Akibahatisha jibu, umeweka dira zako vizuri. Akishindwa, mwambie akupe mji, kisha mwonyeshe jibu lako. Akisema halienei, rudi ukaandike upya.

Majibu ya (c) yaletwe kwenye mkutano wa Chama, Ijumaa baada ya masomo. Yaliyo bora tutayasoma mbele ya wote. Mimi nimeshatega changu. Nawangoja mje na miji ya kutosha.