Biashara ni Matangazo: Mkristo Afanyeje?

Wahenga walinena kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Methali hiyo tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi na kupewa alama. Lakini kuijua methali ni jambo moja, kuifuata ni jambo lingine. Mimi nilifunzwa kwa shilingi 300.

Muhula uliopita mama, ambaye huuza mboga sokoni, alinipa pesa hizo ninunue seti ya jometri na kitabu cha grafu. Kwenye duka moja karibu na steji palikuwa na bango la soda: kijana anacheka juu ya baiskeli mpya, na maneno kwamba zawadi iko chini ya kizibo. Nikajiambia ati nitakunywa moja tu. Kizibo kikasema nijaribu tena. Nikajaribu, nikajaribu, hadi zikawa soda sita na tumbo likanijaa gesi. Baiskeli sikuiona. Nyumbani nikamwambia mama kwamba pesa zilianguka njiani. Uongo huo haukuwa kwenye bango; ulikuwa wangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo nimejiuliza, je, matangazo hutushika vipi? Tazameni mfano huu. Mwaka wa 1929 huko New York, Marekani, kampuni moja ya tumbaku ilitaka wanawake wavute sigara hadharani, jambo ambalo wakati huo lilionekana la aibu. Mtaalamu wao, Edward Bernays, hakusifu ladha ya tumbaku. Siku ya Pasaka, watu wakitembea barabarani na nguo zao nzuri, alipanga wanawake wawashe sigara mbele ya wapiga picha wa magazeti. Sigara hizo zikaitwa mienge ya uhuru. Kumbe aliuza uhuru, lakini kilichotoka pakitini kilikuwa moshi! Na siku yenyewe ni ile ambayo Wakristo hukumbuka kufufuka kwa Yesu, ambaye hutupa uhuru bila malipo.

Ujanja huu si mgeni. Katika Mwanzo sura ya 3, Hawa alikuwa na bustani nzima. Nyoka hakumwonyesha miti mingi aliyokuwa nayo, alimwonyesha ule mmoja aliokatazwa. Tena bei yake aliikana. Ndivyo matangazo mengi yalivyo hata leo: kwanza hukufanya ujione umepungukiwa, kisha hukuuzia dawa ya upungufu huo.

Je, kutangaza biashara ni dhambi? La hasha! Mama naye hupaza sauti kwamba sukuma zake zimevunwa asubuhi, na kweli zimevunwa asubuhi. Methali 11:1 hutufundisha kwamba Mungu huchukia mizani ya udanganyifu, si mizani yenyewe. Hata Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 46, inataka Bunge litunge sheria ili matangazo yawe ya haki, ya kweli na yenye heshima. Lakini sheria haiwezi kuulinda moyo wenye tamaa. Katika Luka 12 Yesu alionya kuhusu tamaa, akasimulia habari za tajiri aliyepanga kujenga maghala makubwa zaidi, naye akafa usiku uo huo.

Basi, mwenzangu, kabla hujatoa pesa mfukoni jiulize maswali haya matatu:

1. Je, nilikihitaji kitu hiki kabla sijaona tangazo?
2. Ninauziwa kitu chenyewe au ndoto?
3. Pesa hizi zilikusudiwa kazi gani, na ni nani aliyezitolea jasho?

Swali la tatu ndilo lililonishinda mimi. Jumapili moja baada ya ibada nilimweleza mama ukweli wote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema Jumamosi niende sokoni nimsaidie. Nilienda Jumamosi nne mfululizo, nikibeba magunia na kupanga nyanya. Seti ninayo sasa. Kila nikishika bikari, nakumbuka kwamba shilingi 300 ni mafungu mengi sana ya sukuma.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu