Mti uani ni kinga ya joto



Kuanzia Desemba hadi Machi, akina mama wengi wa Dar es Salaam huleta watoto kliniki wakiwa na harara shingoni na kwapani. Mama mmoja wa Mbagala aliniambia, "Sista, usiku ndani hamlaliki, mtoto analia mpaka alfajiri." Nilimwuliza kama ana mti uani. Akajibu kuwa palikuwa na mwembe, lakini waliukata ili wamwage zege uwanja mzima.

Kwa nini mjini kuna joto zaidi?

Udongo wenye miti na majani hunywa maji ya mvua. Mizizi huyapandisha hadi kwenye majani, nayo majani huyatoa kama mvuke. Kazi hiyo hupunguza joto, kama vile mtungi unavyopoza maji kwa unyevu unaotoka nje yake. Zege, lami na matofali havina maji ya kutoa. Hubeba joto la jua mchana kutwa na kulirudisha usiku. Ndiyo maana ukuta wa saruji huwa na moto hata jua likishatua. Bati lisilo na dari hutushushia joto kichwani mchana. Tena nyumba zilizobanana huzuia upepo wa bahari.

Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu karibu milioni 2.5 Dar es Salaam; ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Huko Mbagala na Chamazi wilayani Temeke, na Tegeta na Bunju wilayani Kinondoni, mikorosho, minazi na miembe mingi imepisha nyumba.

Tusifikiri joto ni usumbufu tu. Mwezi Julai 1995, joto kali liliua watu zaidi ya 700 katika jiji la Chicago, Marekani, kwa siku chache. Wengi wao walikuwa wazee waliokaa peke yao.

Dalili za kuangalia

Walio hatarini zaidi ni watoto wadogo, wazee, wajawazito, wagonjwa wa moyo, figo na kisukari, na wanaofanya kazi juani. Mtu akiona kizunguzungu, akiumwa kichwa, akitokwa jasho jingi, misuli ikikaza au mkojo ukiwa mchache wenye rangi nzito, apelekwe kivulini, alegezwe nguo na anywe maji kidogo kidogo.

Akichanganyikiwa, akipata degedege au akizimia huku mwili ukiwa wa moto sana, hiyo ni hatari ya kifo. Mwagieni maji mwilini, mpepeeni na mmpeleke hospitali mara moja. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Na homa yoyote isidhaniwe kuwa ni joto la jiji tu. Mgonjwa apimwe malaria.

Tufanye nini nyumbani?

1. Kabla ya kukata mti, tujiulize kama kweli unazuia ujenzi. Ukikatwa, tupande mwingine wakati wa masika. Mwembe, mkungu au mwarobaini upande wa magharibi hukinga jua la alasiri. Usiwe karibu na msingi wa nyumba wala shimo la choo.

2. Tusimwage zege uwanja wote. Sehemu ibaki na majani au bustani ya mchicha.

3. Anayejenga aweke dari, madirisha yanayotazamana na matundu ya hewa juu ya ukuta.

4. Jioni tufungue madirisha yenye wavu. Hata joto likizidi, tusiache kulala ndani ya chandarua.

5. Mtoto chini ya miezi 6 anyonyeshwe mara nyingi zaidi, hahitaji maji.

6. Mchana wa joto, tupite kwa jirani mzee anayeishi peke yake, tumpe maji na kumjulia hali.

Yule mama wa Mbagala amepanda mwarobaini pembeni mwa uwanja. Bado haujafika kiunoni, na mtoto wake atatembea kabla haujatoa kivuli. Mwembe ulikatwa kwa siku moja. Kivuli kipya kitachukua miaka. Kinga ni bora kuliko tiba.