Kuwa Opereta wa Kreni Marekani: Hatua Kabla ya Kunyanyua Mzigo wa Kwanza

Aliyeendesha kreni Mombasa au Dar es Salaam akifika Marekani, uzoefu wake peke yake haumwingizi kwenye kibanda cha mashine. Kwa kazi za ujenzi, OSHA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama kazini (Tanzania nayo ina OSHA yake, ila ni chombo kingine kabisa), inataka mambo matatu: mafunzo, cheti na tathmini ya mwajiri. Cheti kimekuwa lazima tangu Novemba 2018, tathmini tangu Februari 2019. Wengi hukimbilia cheti na kulisahau hilo la tatu.

Hatua ya 1: Chagua aina ya kreni. Vyeti hutolewa kwa aina ya mashine. Cha kreni ya lori hakikupandishi kwenye kreni ya mnara. Uliza pia sheria za unakoishi. New York City, kwa mfano, ina leseni yake.

Hatua ya 2: Tafuta pa kujifunzia. Chama cha waendesha mitambo, IUOE, huchukua wanagenzi na kuwalipa huku wakijifunza, kwa kawaida miaka 3 au 4. Shule binafsi humaliza kwa wiki chache, na ada unatoa mwenyewe. Mwenye subira aende chamani, kwa sababu ufundi huu hauingii mwilini kwa wiki chache.

Hatua ya 3: Endesha chini ya jicho la mkufunzi. Kabla ya cheti unaruhusiwa kuendesha, lakini mkufunzi lazima akuangalie muda wote na asifanye kazi nyingine itakayomtoa macho kwako. Akipumzika, mapumziko yasizidi dakika 15, mara moja tu kwa saa, na akuachie maagizo ya kazi utakayoendelea nayo. Mwanagenzi haruhusiwi kunyanyua watu, wala kufanya kazi karibu na nyaya za umeme, yaani chini ya futi 20 (kama mita 6) kwa nyaya za hadi kilovolti 350.

Hatua ya 4: Lijue jedwali la mzigo. Hapa usiwe na haraka. Tuseme jedwali linasema kreni yako, kwa urefu wa mkono uliopo na mzigo ukiwa futi 40 kutoka kitovu cha kuzungukia, inabeba pauni 10,000. Hizo si zako zote. Toa kulabu na kapi zake, tuseme pauni 600, na slingi (mikanda au nyaya za kufungia mzigo) 150: zimebaki 9,250. Kisha mzigo ukiacha ardhi, mkono hujikunja kidogo na kulabu husogea mbele; futi 40 zinakuwa 41 au 42, na uwezo unashuka tena. Piga hesabu hii kwa karatasi kila siku hadi uifanye bila kusita.

Hatua ya 5: Fanya mtihani. CCO, iliyoanzishwa mwaka 1995, ni kati ya taasisi za kutoa vyeti zinazojulikana zaidi. Uwe na miaka 18 au zaidi. Kuna mtihani wa maandishi na wa vitendo, ambako utapitisha mzigo kwenye njia ya kona kona bila kugusa vizuizi na kufuata ishara za mikono. Cheti hudumu miaka 5.

Sheria inaruhusu mtihani kwa lugha yoyote mtahiniwa anayoielewa, hata kwa mdomo. Lakini lugha hiyo huandikwa kwenye cheti, na utaendesha tu mashine yenye vitabu vya maelekezo kwa lugha hiyo. Kwa hiyo anza Kiingereza cha kreni mapema.

Ukishaajiriwa, cheti kinachohitajika kazini hulipiwa na mwajiri.

Hatua ya 6: Tathmini. Mwajiri akupime kwenye mashine yenyewe, kwa kazi yenyewe utakayopangiwa, kisha aandike jina lako, jina na sahihi ya aliyekupima, tarehe, na chapa, modeli na mpangilio wa kreni. Karatasi hiyo ikae eneo la kazi. Ukihamishiwa mashine inayohitaji ujuzi tofauti, dai tathmini nyingine kabla ya kugusa leva.

Na kuanzia siku hiyo, ishara ya kusimamisha unaitii hata ikitolewa na mbeba zege. Ukiwa na shaka na usalama wa mzigo, sheria inakupa mamlaka ya kuukataa hadi mtaalamu aukague.