Buluu Isiyo na Ngazi

Dada yangu ana duka la intaneti na uchapaji mjini Tanga. Mwezi uliopita aliniomba skrini za kompyuta zake zote nizivalishe picha ya buluu, nami nikakubali kwa furaha. Rangi hii naipenda tangu Windows XP ya 2001, yenye ile picha ya kilima na anga aliyoipiga Charles O'Rear huko California.

Hatua ya kwanza: andika mawazo yote bila kuyahukumu. Mimi niliandika kaniki, bahari ya Raskazone asubuhi, usiku wa mbalamwezi, na michoro ya zamani ya mafundi, mistari myeupe juu ya buluu, iliyotokana na njia aliyoigundua John Herschel mwaka 1842. Mchoro ukashinda palepale. Picha za bahari ni nzuri, lakini aikoni hupotea kwenye mapovu. Nikachora jahazi kwa Inkscape: mlingoti, foromali, tanga, usukani.

Hatua ya pili: chagua buluu tatu, basi. Maandishi yawe meupe. Buluu tupu hubeba kama asilimia 7 tu ya mwangaza, kwa hiyo juu ya giza haisomeki.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonikesha. Nyuma ya jahazi nilitaka rangi ianze hafifu juu na kukolea taratibu kuelekea chini. Dada akatazama, akauliza, "Kaka, mbona bahari yako ina ngazi?"

Ni hesabu tu. Picha ya kawaida ina viwango 256 vya kila rangi. Buluu peke yake ikishuka viwango 40 kwenye skrini yenye kimo cha pikseli 1080, kila kiwango kinakuwa ukanda wa pikseli 27, na jicho linauona. Kwa dada hali ilikuwa mbaya zaidi. Muuzaji wa Kariakoo alimwapia kwamba vioo vya kompyuta zake vinaonyesha rangi zote, kumbe ni vya biti 6 kwa kila rangi, viwango 64 tu! Bado nina hasira. Muuzaji asiyejua biti za kioo anachouza hastahili hela yako.

Dawa ni chenga, zilezile tunazozichukia kwenye televisheni. Ndani ya programu ya GIMP, weka faili kwenye biti 16 kabla ya kupaka rangi. Paka, kisha fungua Filters, Noise, RGB Noise. Ondoa alama ya Independent RGB, la sivyo utapata vidoa vyekundu na vya kijani. Punguza kiasi mpaka, ukikaa kitini, chenga usizione. Zinavunja kingo za kila ukanda, jicho linachanganya lenyewe, na rangi inateleza. Weka chenga kwenye tabaka la rangi tu, mistari ya jahazi ibaki safi.

Hata kwenye vioo vile vya biti 6 bahari ilitulia, na dada akaiweka kwenye kompyuta zote siku ileile. Hifadhi kwa PNG. JPEG inazibana chenga na ngazi zinarudi.