Dondoo muhimu: Kitanda chembamba, usingizi mnono

Ukiishi bedsita ya Kawangware au Kangemi, usikimbilie godoro nene. Anza na kilicho chini yake. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai huzipoza mbao za kitanda usiku kucha. Mvuke wa jasho hupenya sponji, ukifika kwenye plaiwudi baridi hugeuka maji, kisha kuvu huota. Mwombe seremala wa Ngong Road akuwekee chaga zenye nafasi ya vidole viwili badala ya plaiwudi, hewa ipite. Utaambiwa chaga huvunjika: kweli, zikiwa nyembamba na bila mhimili wa katikati. Wengine watahofia hewa baridi itokayo chini. Basi tandika blanketi nzito chini ya shuka, kwani za kujifunika hazizuii joto linalopotelea godoroni.