Rangi, Silabi na Kodi: Kuweka Alama za Muziki katika Matini ya Wimbo

Wimbo unapoandikwa hupoteza sehemu kubwa ya uhai wake. Msomi wa fasihi hubaki na mishororo, vina na mizani, ilhali kilichoimbwa kimetoweka. Makala haya yanachunguza njia moja ya kupunguza hasara hiyo, nayo ni kutumia rangi kuonyesha mahali ambapo kodi hubadilika katika maneno ya wimbo. Kodi hapa si ile inayotozwa na serikali, bali ni sauti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja. Kwa mfano, kodi ya C huundwa na C, E na G.

Rangi si ngeni katika uandishi wa sauti. Katika karne ya 11, Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia, alipendekeza mstari mwekundu uonyeshe F na wa manjano uonyeshe C. Wasomaji wa Kurani nao wanaifahamu misahafu inayotumia rangi kuonyesha kanuni za tajwidi.

Katika vitabu vingi vya nyimbo, herufi ya kodi huandikwa juu ya neno. Utaratibu huu unaifaa lugha yenye maneno mafupi. Neno la Kiswahili lina silabi nyingi, na aghalabu kodi hubadilika katikati yake. Tuchukue mshororo huu uliotungwa kwa ajili ya mfano:

Mtoto alia sana, mama amekwenda mbali

Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito la muziki hupenda kukaa hapo. Basi kodi ya C yaweza kuanza kwenye “to” ya kwanza katika “mtoto”, F kwenye “li” ya “alia”, na G kwenye “sa” ya “sana”. Katika kipande cha pili, F hurudi kwenye “kwe” na C kwenye “mba”. Mpiga chapa akiiweka F juu ya mwanzo wa “alia”, mpiga gitaa atabadilisha mapema mno. Tena, herufi hizo hushikiliwa na nafasi tupu tu. Aina ya hati ikibadilishwa kwenye kompyuta, zote huhama. Rangi haihami, kwa kuwa imo ndani ya silabi yenyewe.

Hapa ndipo mwanafunzi wa isimu anapohitajika. “M” ya “mtoto” ni silabi kamili, ina mizani yake, nayo huachwa nyeusi kabla ya “to” kutiwa rangi. “M” ya “mbali” haijitegemei, hivyo “mba” nzima hupakwa rangi moja. Asiyeijua tofauti hii atakosea wimbo kabla hajagusa ala.

Je, rangi zifuate majina ya noti? La. Ni afadhali zifuate do, re, mi ambazo wanakwaya wetu wamezizoea: nyekundu iwe kodi ya do, buluu ya fa, kijani ya so. Wimbo ukipandishwa kutoka C hadi D, hakuna kitakachopakwa upya. Kwa vile wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, na kwa vile fotokopi nyingi ni za rangi nyeusi, buluu ipigiwe mstari mmoja chini na kijani miwili.

Faida kubwa zaidi ni ya kihakiki. Katika mfano uliotolewa, kina cha kati, “na”, kimeangukia kodi ya so, ambayo huliacha sikio likingoja. Kina cha mwisho, “li”, kimetulia kwenye do. Kipande cha kwanza kinauliza, cha pili kinajibu, japo mama mwenyewe yu mbali bado: muziki umefika nyumbani, maneno hayajafika. Mgongano huo hauonekani kwa kuhesabu mizani.

Hata hivyo, rangi haielezi kodi inadumu kwa muda gani. “Na” ya “sana” yaweza kukatwa mara moja au kuvutwa kwa mapigo manne, na kwa hilo mtafiti hana budi kurejelea sauti iliyorekodiwa.