Ziara ya Kikundi: Msitu wa Mto Tana na Kima Wake

SOMO LA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

Ndugu wanachama, vikundi vingi hutenga pesa kidogo kila mwaka kwa ziara ya mafunzo. Wengine huenda kutazama ng'ombe wa maziwa, wengine mizinga ya nyuki. Somo hili linahusu ziara ya namna nyingine: kutembelea msitu wenye kima wa porini. Tumechagua msitu wa Mto Tana kwa sababu una fundisho kwa kila kijiji kilicho karibu na mto au msitu.

1. Ni mahali gani?

Msitu huu uko katika Kaunti ya Tana River, kandokando ya mto, kati ya Hola na Garsen. Mwaka 1976 sehemu yake, kama kilomita 169 za mraba, ilitangazwa kuwa hifadhi ya kima. Mtu asidhani ati ni msitu mmoja mkubwa. Ni vipande vipande vinavyofuata mto. Mahali pengi ukitembea kidogo tu kutoka ukingoni, miti mirefu inaisha na unajikuta katika nyika kavu.

2. Kima wawili wasiopatikana kwingine

Wako wanyama wengi hapa, lakini wawili hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Mbega mwekundu wa Tana ana nywele za rangi ya kutu kichwani. Anakaa juu mitini na kula hasa majani na machipukizi. Tumbo lake lina vyumba, karibu kama la ng'ombe, ndio maana anaweza kuishi kwa majani. Mkononi kidole gumba chake ni kidogo sana, kama kisiki tu.

Mangabei wa Tana ana nywele zilizosimama utosini. Huyu hushuka chini mara nyingi kutafuta matunda na mbegu, kama vile za mkuyu na mkindu. Mbegu nyingine anazitafuna, lakini nyingine anaziangusha mbali na mti uliozaa. Hivyo anasaidia kupanda msitu bila jembe.

Wote wawili wamo katika hatari kubwa ya kuisha kabisa. Msitu ukikatwa hapa, hawana mahali pa kukimbilia.

3. Mto ndio unaolisha msitu

Sehemu hizi mvua ni haba. Je, miti mikubwa namna hii inapata wapi maji? Inapata kwa mto. Maji yanapenya chini ya udongo mpaka kwenye mizizi. Mafuriko nayo huleta udongo mpya wenye rutuba, na miti michanga huota hapo.

Mkulima Mpokomo anategemea maji hayo hayo. Tangu zamani amepanda mpunga na ndizi katika ardhi iliyolowa baada ya mafuriko. Kumbe shamba la mkulima na chakula cha kima vinatoka katika chungu kimoja!

Huko juu mtoni yamejengwa mabwawa ya umeme, kama Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Mabwawa yanatuletea faida, lakini yamebadilisha vile maji yanavyopanda na kushuka. Anayeishi chini ya mto hubeba matokeo ya yale yanayofanywa juu. Hata sisi tukikata miti kwenye kijito chetu, yuko jirani huko chini atakayeumia.

4. Msitu ni wa nani?

Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Kabla ya hifadhi, watu walikuwa wanaishi humo. Wapokomo walilima, wakachonga mitumbwi na kukata kindu za kusukia mikeka. Wafugaji wa Orma na Wardei walileta mifugo mtoni wakati wa kiangazi. Hifadhi ilipotangazwa, wengi waliona kwamba ardhi yao imechukuliwa. Katika miaka ya 1990 ukaja mradi mkubwa uliokusudia pia kuhamisha familia, na ubishi ukazidi. Wenyeji walikwenda mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba hifadhi haikuwa imewekwa kwa kufuata sheria.

Tusiwaone wenyeji kuwa maadui wa kima. Mama ambaye mahindi yake yameliwa na nyani siku moja kabla ya mavuno ana haki ya kuuliza: faida ya wanyama hawa kwangu ni nini? Asipojibiwa, shoka litajibu. Na kima nao wana haja ya msitu. Haja hizi mbili zinapatanishwa kwa kukaa chini na kuzungumza, si kwa amri kutoka mbali. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inawapa wenyeji nafasi ya kuanzisha hifadhi zao wenyewe za jamii.

5. Mkitaka kwenda

- Ulizeni kwanza ofisi ya wanyamapori (KWS) na chifu wa mahali kuhusu barabara, usalama na ruhusa. Wakati wa mvua barabara huharibika.
- Chukueni kiongozi wa kijiji cha hapo na mmlipe vizuri. Nunueni chakula na mikeka kwa wenyeji. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.
- Ingieni msituni asubuhi na mapema, wachache wachache, bila kelele.
- Msiwape kima chakula. Akizoea mkono wa mtu, kesho ataingia jikoni. Tena magonjwa hupita kati ya mtu na kima.
- Msioge wala kuchota maji mahali msipopajua. Mto una mamba na viboko.
- Tengeni saa moja ya kukaa na wazee na akina mama wa kijiji. Kuona kima bila kuwasikia wanaoishi nao ni nusu ya ziara.

Katibu aandike yote mtakayojifunza, na mweka hazina alete hesabu katika mkutano unaofuata.

6. Maswali ya kujadiliana

a) Katika eneo letu, ni msitu, mto au chemchemi gani tunayotumia pamoja na wanyama au majirani?
b) Nani hufaidika nayo, na nani hupata hasara? Je, huyo wa hasara amewahi kuulizwa?
c) Kama mradi ungekuja kesho kuhifadhi mahali hapo, tungetaka tukubaliane nini kabla ya kutia sahihi?
d) Ni jambo gani moja tunaloweza kuanza mwezi huu bila kungoja msaada?

Jibu la swali la (d) liandikwe katika kitabu cha kikundi, pamoja na jina la atakayelisimamia.